Nani Alimvisha Rugaruga? Vyanzo vya Historia Nyuma ya Vijisanamu vya Vita

Waandaaji, walimu wangu, na wazee mliokaa safu za mbele: shikamooni. Vijana, hamjambo. Nashukuru kwamba mmeikatisha Jumamosi yenu kuja kusikiliza habari za watu wenye kimo cha milimita 28.

Mmoja wao anapita mikononi mwenu sasa hivi. Mshikeni kiunoni, msimshike kwa bunduki, maana bunduki hupinda. Huyo ni rugaruga, mpiganaji wa kukodiwa wa bara letu katika karne ya 19. Nilimpata kwenye boksi la mchanganyiko la muuza vitu vya zamani, na chini ya kitako chake hakuna jina la mtengenezaji. Ana nguo kiunoni, manyoya kichwani, bunduki ndefu mkono wa kulia, na mdomo ameuachama kama mtu anayepiga yowe. Swali langu la leo ni hili: aliyemfinyanga alijuaje? Nani alimwambia kwamba rugaruga alivaa hivi, akashika silaha hivi, akaachama hivi?

Kwa wageni wa mambo haya, niseme kwanza kwamba kuna watu wazima, wenye kazi na familia zao, wanaokaa mezani wakapigana vita kwa vijisanamu, dadu na futi ya kupimia. Nuremberg, Ujerumani, mafundi walikuwa wakimimina askari bapa wa bati tangu karne ya 18, na karakana ya Ernst Heinrichsen, iliyofunguliwa mwaka 1839, ndiyo iliyokieneza kipimo cha milimita 30. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ikapata namna ya kumimina askari wa risasi mwenye uwazi ndani, akawa mwepesi na wa bei nafuu. H. G. Wells akawachukua askari hao hao, akawaandikia kanuni za mchezo mwaka 1913, mwaka mmoja tu kabla Ulaya haijaingia kwenye vita vya kweli. Miaka ya 1960 ikatawaliwa na plastiki ya Airfix. Ya 1970 na askari wa risasi wa milimita 25 wa Hinchliffe na Minifigs. Hao ndio leo wanaohesabiwa wa kale, na wapo watu wenye mvi wanaowagombania mnadani.

Miaka yote hiyo fundi alikuwa na shida ileile: askari anayemfinyanga hakuwahi kumwona. Alitegemea picha. Kwa majeshi ya Ulaya shida hiyo ilikuwa ndogo, kwa kuwa serikali zao ziliandika kila kitu, mpaka idadi ya vifungo. Mchoraji Mjerumani Richard Knötel alianza mwaka 1890 kutoa mfululizo wa michoro ya sare za kijeshi, ikafika zaidi ya elfu moja, na wafinyanzi wamekuwa wakila humo mpaka leo. Lakini je, askari ambaye hakuna karani aliyehesabu vifungo vyake? Hapo ndipo mambo yanaponoga.

Nianze mbali kidogo, Roma, maana mfano wake ni safi. Karibu kila kijisanamu cha askari wa Kirumi kimetoka kwenye Nguzo ya Trajan, iliyosimamishwa Roma mwaka 113 kukumbuka vita vya Dacia. Pale askari wa lejioni, yaani kikosi kikuu cha Roma, amevaa deraya ya mabamba, na askari msaidizi amevaa deraya ya pete. Safi kabisa, huyu na yule hawachanganyiki. Ila vita hivyohivyo vina mnara wa pili, Adamclisi, katika Romania ya leo, na kule askari wa lejioni wamevaa deraya za pete na za magamba, na mkono wa upanga umefunikwa kwa kinga ya vipande. Nguzo ilichongwa mji mkuu na mafundi hodari, waliotaka mtazamaji aliye chini atambue upesi nani ni nani. Adamclisi kazi yake ni ya mkono mzito, sura zote zinafanana, lakini ilichongwa karibu na mahali watu walipouana. Mimi fundi mbaya aliyeona namwamini kuliko fundi hodari aliyesimuliwa.

Halafu mwaka 1964, huko Corbridge kaskazini mwa Uingereza, likachimbuliwa sanduku lenye vipande vya deraya halisi ya mabamba. H. Russell Robinson akakaa navyo, akavipanga, akaonyesha kwamba mabamba yalining'inizwa kwenye mikanda ya ngozi iliyopita kwa ndani. Kabla yake wengi walidhani mabamba yalishikizwa juu ya koti la ngozi. Kwa hiyo ukimpata Mrumi aliyefinyangwa kabla ya kazi ya Robinson, mtazame vizuri begani na kifuani: anakuonyesha Mrumi kidogo, na anakuonyesha zaidi nini kilikuwa kikijulikana mwaka alipofinyangwa. Ndiyo maana nawapenda hawa wa kale hata pale wanapokosea. Kosa lao lina tarehe.

Sasa turudi nyumbani.

Miaka ya 1990 mfinyanzi Mwingereza Mark Copplestone aliitengenezea kampuni ya Foundry mfululizo wa vijisanamu vya Afrika ya karne ya 19. Humo wamo Wamasai, askari, wapagazi, Waarabu wa misafara, rugaruga. Kazi yake ni nzuri, nisiifiche sifa. Jina la mfululizo wenyewe linazungumzia Afrika ya giza, na jina hilo lina asili yake: ni kitabu cha Henry Morton Stanley cha mwaka 1890, cha safari ya kumfuata Emin Pasha, gavana wa jimbo la Equatoria. Baadaye, mwaka 2003, kampuni hiyo hiyo ilichapa kitabu cha Chris Peers kuhusu majeshi ya Afrika Mashariki ya karne hiyo, ambacho kwa mchezaji wa mezani ni kama msahafu. Ukitaka kujua vijisanamu hivi vimesoma nini, anza na wasafiri wa Kizungu Burton, Stanley na Thomson. Wote watatu walikuwa wapita njia, na wote watatu walikuwa na kitabu cha kuuza wakirudi kwao.

Tuchukue habari za rugaruga kwa Stanley peke yake. Mwaka 1871 alikuwa Unyanyembe, akajiunga na Waarabu wa Tabora kumpiga Mirambo, mtemi wa Urambo. Walishindwa vibaya, na Stanley, homa imemshika, alikuwa miongoni mwa waliokimbia kurudi Kwihara. Sasa mwulize mtu aliyetoka mbio adui yake alifananaje. Rugaruga wa kitabu chake cha 1872 ni watu wa kutisha, majambazi wa porini, na Mirambo ndiye jambazi mkuu. Wazungu waliomfuata wakaongeza nguo nyekundu, manyoya, bangili za pembe na shaba, na habari za kofia zilizotokana na ngozi za vichwa vya watu. Hii ya mwisho sisemi haikutokea hata mara moja. Nasema kwamba ndiyo inayonakiliwa upesi kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayouza kitabu, na baadaye ndiyo inayouza kijisanamu.

Miaka mitano baadaye, Aprili 1876, Stanley huyo huyo anakutana na Mirambo uso kwa uso na wanachanjiana damu. Anamkuta mtu mrefu, wa makamo, sauti yake ya upole, amevaa kama Mwarabu mwenye uwezo wake: kilemba juu ya tarbushi, joho, viatu, na upanga wa Kiarabu. Stanley anakiri kwamba sivyo alivyomtarajia. Mwandishi mmoja, vitabu viwili, watu wawili! Na huyo Mirambo wa pili si wa kubahatisha, kwa sababu kuanzia 1879 alikaa naye daktari wa misheni ya London, Ebenezer Southon, pale Urambo, na barua zake zinamwonyesha mtawala mwenye hesabu za biashara na siasa kichwani. Sasa nendeni mkatafute mezani Mirambo mwenye joho. Mimi nimetafuta. Anayeuzika ni yule mwenye mdomo wazi.

Nasikia mnacheka huko nyuma. Chekeni, ila kuna jambo la ufundi hapa ambalo si kosa la mtu. Picha za vitabu vile zilichorwa upya London na wachongaji wa mbao ambao Tabora hawakuifika. Stanley alileta picha za kamera na michoro yake ya penseli, fundi akaichonga kwenye ubao ili ipigwe chapa, na kila mahali palipokuwa na ukungu akapajaza kwa alivyozoea kuchora mtu mweusi mwenye mkuki. Karne moja baadaye mfinyanzi anaweka picha hiyo pembeni ya taa yake, anafinyanga kwa udongo wa epoksi, kijisanamu kinawekwa kwenye kalibu ya mpira, kalibu inazungushwa, risasi na bati vinamiminwa. Mkuki wa kweli ukiupunguza kwa kipimo hicho unakuwa mwembamba kama sindano na unavunjika siku ya kwanza, kwa hiyo ananenepesha mkuki. Mkono nao lazima uwe mnene ili uushike. Hivyo mnavyomwona ana viganja kama mabeleshi, hapo msimlaumu Stanley.

Bunduki yake sasa. Aliye naye amgeuze ubavu wa kulia, juu ya kifyatulio. Kwenye bunduki ya kweli pale ndipo unapojua umri wake na bei yake. Ya mrao huwashwa kwa utambi. Ndiyo waliyokuwa nayo Mabulushi wa Sultani waliofuatana na Burton mwaka 1857. Gumegume hupiga jiwe likatoa cheche. Ya fataki ina kikofia kidogo kinachopigwa na nyundo. Zote tatu zilikuwa bara wakati mmoja, pamoja na chache za kisasa za kushindiliwa kwa nyuma kwa wale wenye pembe za ndovu za kutosha kuzinunua. Na tofauti hiyo yote, kwa kipimo cha kijisanamu, haizidi milimita tatu. Mfinyanzi akiteleza kwa kisu, amemtoa mtu kwenye mrao akampeleka kwenye fataki.

Kuna sababu nyingine iliyofanya bunduki kuukuu zidumu huku kwetu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikataza kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu ziliachiwa mlango wazi. Kwa hiyo mchezaji anayewapa wapiganaji wa bara wa miaka ya 1890 gumegume hajachelewa wakati. Ulaya walikuwa wamejipatia bunduki za risasi nyingi, na wakaandika sheria ya nani abaki na jiwe.

Wamasai nitawapitia kwa ngao peke yake, maana ngao yenyewe ni daftari. Rangi ni nyekundu, nyeusi, nyeupe na kijivu juu ya ngozi ya nyati, mstari wa katikati unaigawa, na alama zilizochorwa zinataja sehemu ya mtu na rika lake. Ofisa wa Kijerumani Moritz Merker alizichapa alama hizo mwaka 1904, na A. C. Hollis upande wa Waingereza akafanya hivyo mwaka uliofuata. Wapaka rangi wanaziiga, na wengine wanaziiga vizuri sana. Wanasahau mambo mawili. La kwanza, Merker na Hollis waliandika baada ya sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, na ndui kuwapiga Wamasai miaka ya 1890, marika yameshapanda na kushuka. Ukiipaka alama ya 1904 kwenye ngao ya morani aliyekutana na Joseph Thomson mwaka 1883, umempa kijana kadi ya mwanawe. La pili, Hollis anaeleza kwamba ipo alama moja nyekundu ambayo haikuchorwa ila kwa ruhusa, kwa aliyeonyesha ushujaa mkubwa. Nimeshaona kikosi cha watu 12 mezani, wote wanayo. Jeshi zima la mashujaa!

Kwa askari wa Wajerumani vyanzo ni vingi, na wingi huo ndio mtego. Hermann von Wissmann alilianza jeshi hilo mwaka 1889 kwa mamia ya Wasudani alioajiri Misri na wengine kutoka Msumbiji, akaja nao kumpiga Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, aliyenyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huo huo. Ila vijisanamu vingi vya askari vinafuata picha za baadaye kabisa, hasa za Walther Dobbertin, aliyekuwa na studio yake hapa Dar es Salaam kabla ya Vita vya Kwanza. Picha zake zimehifadhiwa katika Bundesarchiv, na siku hizi yeyote mwenye simu anaziona. Ni picha nzuri mno: khaki imenyooka, kofia ina kitambaa cha kufunika kisogo, vitambaa vya kufungia miguu vimekazwa, mstari umepigwa kama kwa rula. Dobbertin alikuwa mtu wa biashara na picha ile ilikuwa ya kuuzwa Ujerumani. Mnunuzi wa Berlin hakutaka kuona kiatu kilichochanika.

Basi mchezaji anamnunua askari huyo nadhifu, anamtembeza kuanzia Tanga, Novemba 1914, mpaka Abercorn, Novemba 1918, bila kumbadilisha hata soksi. Pale Tanga askari wengi walikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, ya baruti nyeusi. Ukipiga, wingu la moshi linakutangaza ulipo. Miaka minne baadaye, baada ya Ngomano, ambako Wareno walipoteza ghala zao mwezi Novemba 1917, bunduki nyingi za kikosi cha Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, zilikuwa za kunyang'anya, za Kireno na za Kiingereza. Nguo nazo vilevile, atakachokiteka mtu ndicho atakachovaa. Nyuma ya mstari walikuwepo wake wa askari, watoto, na wapagazi waliokuwa wengi kuliko wenye bunduki. Askari wa 1918 anayestahili kufinyangwa ni mtu wa viraka, na mkewe yuko hatua chache nyuma amebeba sufuria.

Nifike sasa kwenye jambo lililonileta jukwaani. Tumezungumza karibu saa nzima na vyanzo vyote nilivyovitaja vimeandikwa na wageni. Je, wenyewe hawakuandika?

Waliandika, na waliandika kwa lugha hii hii mnayonisikiliza nayo. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, yakachapwa mwanzoni mwa karne ya 20, na Whiteley akayatafsiri kwa Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo hata udhuru wa lugha haupo. Humo mna vita vyake na Nsama, mtawala mmoja wa bara, mwaka 1867, mishale iliyomwingia mwilini, bunduki zilizoamua siku ile, na mlio wa bunduki hizo ndio uliompa jina tunalomwita, kwa maelezo yake mwenyewe. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, kuutamalaki Mrima akiwa mtu wa zama zile, upande wa waliopigwa mizinga. Mwaka 1901 Carl Velten alichapa Safari za Wasuaheli, ambamo Selemani bin Mwenye Chande anasimulia safari yake ya bara kama mtu wa msafara anavyosimulia, na hadithi yake haimhitaji Mzungu hata mmoja.

Navyo vina hila zao. Tippu Tip ni mfanyabiashara anayelinda jina, na biashara yake ilikuwa na watu ndani yake. Anapohesabu pembe anazihesabu kwa furaha, anapohesabu mateka anapita haraka. Velten alikuwa mkalimani wa serikali ya Wajerumani, na waliomwandikia walijua nani atasoma. Mtunzi wa utenzi ana vina vya kutimiza, na wakati mwingine silaha huingia kwenye beti kwa ajili ya kina tu. Lakini kuna kitu ndani yao ambacho Burton na Stanley hawana, nacho ni kwamba hakuna anayeshangaa. Hawakuelezi kanzu kana kwamba ni kioja. Rugaruga kwao ni mtu wa kujadiliana naye bei au kumkimbia, inategemea siku. Na mtu asiyeshangaa huyataja yale ambayo mgeni huyaruka, kama nani alidai posho, nani alilala na bunduki na nani aliipeleka bunduki ya tajiri.

Mwalimu mmoja aliniwahi nje kabla hatujaanza, akaniuliza swali la maana kuliko hotuba yangu yote: wanafunzi wake wameagiza rugaruga 20, wawapake rangi gani? Namjibu mbele yenu. Msianze na ngozi ya chui. Anzeni na orodha za vitambaa vya misafara, maana Burton na Stanley, kwa yote niliyowasema, walikuwa makini sana na bei ya nguo. Merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa kilicholetwa na wafanyabiashara wa Massachusetts, kipakeni maziwa yaliyoingia vumbi, kisha kipitisheni kahawia nyepesi kwenye mikunjo. Kaniki ni bluu iliyokolea, karibu na weusi. Ikichakaa hupauka magotini na kiunoni. Bendera, kitambaa chekundu, kilikuwa ghali kuliko hivyo viwili, basi wapeni wachache, na aliyeshika bendera ya msafara yake iwe nyekundu tupu isiyo na alama. Debwani ya mistari mwekeeni mkubwa wao. Na yule mwenye joho na kilemba, mkimpata, mpakeni wa mwisho, taratibu, mkono ukiwa umeshazoea.